Fundi Sikio na Magari Mawili ya Mkunga

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani, gerejini, hata kwa mama mkwe wake, alikuwa Fundi Sikio, na ukimwita kwa jina jingine alikutazama kama mtu aliyekosea nyumba. Hakulipata bure. Alipokuwa bado anajifunza kazi, bosi wake alihangaika siku tatu na gari lililokuwa likigonga. Akafungua huku, akafunga kule, akatukana mpaka matusi yakamwishia. Mwanafunzi wake akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini, mpini akaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho.

"Bosi," akasema, "unapofungua sipo. Ni pampu ya maji."

Ilikuwa pampu ya maji. Basi tena, habari ikatembea, na mwenyewe akatembea nayo.

Kwa miaka thelathini na minne watu walileta magari yaliyowashinda wengine. Hata mafundi wenye gereji zao, wenye mashine za kusomea kompyuta ya gari, walikuja kwake kwa mlango wa nyuma, wakijifanya wamepita tu kusalimia. Na kulikuwa na desturi pale uwanjani ambayo hukuikuta kwingine. Fundi Sikio akishika bisibisi yake, aliinua kidole kimoja tu. Fundi wa kuchomelea alizima mashine yake. Fundi rangi alizima ya kwake. Redio ilinyamazishwa, na mwenye kikohozi alikimeza. Uwanja wote ulikaa kimya mpaka mzee ainuke na kusema neno. Alikuwa na maringo, tusifichane. Lakini maringo ya mtu anayejua kazi watu huyavumilia.

Shida ni kwamba masikio yalikuwa yamekwisha.

Hayakwenda siku moja. Walianza ndege. Asubuhi moja aligundua kwamba ndege wa kwenye paa la jirani wameacha kuimba, akadhani wamehama. Kisha simu yake ikawa haiiti, akaipeleka kwa fundi simu na kugombana naye bure. Kisha wajukuu wakaanza kunong'ona, wote, hata yule mwenye mdomo kama tarumbeta. Sauti nzito alizipata bado: lori likipita, mlango ukibamizwa, ngurumo. Zile nyembamba ndizo zilizokwenda, moja moja, bila kuaga. Miaka yote ya kusaga chuma bila kuziba masikio ilikuwa imekuja kudai chake.

Hakumwambia mtu. Angemwambiaje? Kinyozi akipoteza mkasi ananunua mwingine. Yeye akatunga maneno ya kujikinga. "Magari ya siku hizi hayana maneno," alikuwa akisema, na watu wakacheka, naye akacheka nao huku roho ikimwenda mbio. Magari mapya akaanza kumsukumia binti yake, kitinda mimba wake, aliyekuwa fundi pale pale gerejini na mwenye mashine ya kusomea. "Hilo lako, mama," alimwambia, kama anayemfanyia hisani. Binti alilipokea na wala hakuuliza.

Ndipo akaja Mkunga.

Mkunga alikuwa mama mstaafu, mfupi, mwenye mikono mipana na mguu mzito kwenye mafuta. Alizalisha nusu ya mtaa ule, na nusu iliyobaki aliitia hofu kwa mwendo wake. Ukimwambia apunguze, alikujibu kwamba mtoto hangoji taa za barabarani. Kwa miaka ishirini na sita alikimbilia uzazi akiwa na kigari kimoja cha Kijapani, cha milango miwili na mlango wa nyuma wa kupandisha, na Fundi Sikio ndiye aliyekitunza. Injini yake aliishusha mara tatu kwa mikono yake. Alikijua kuliko alivyowajua wakwe zake.

Siku hiyo Mkunga alikuja na magari mawili. La kwanza alikuja nalo mwenyewe. La pili liliendeshwa na jirani yake, ambaye alikabidhi ufunguo na kuondoka haraka kama mtu aliyebebeshwa yai.

"Mwanangu ameniletea hii," Mkunga akasema. "Eti nimezeeka, nahitaji kitu cha kisasa. Ninapokaa nina nafasi moja tu ya kuegesha. Moja inabaki, nyingine inaondoka. Dada yangu anaumwa, kila wiki napanda mlima kwenda kumwona. Sema wewe, fundi. Ipi itanipandisha mlima na kunirudisha salama? Wewe ukisema, mimi nimemaliza."

Yaliegeshwa ubavu kwa ubavu. Nyuma yote mawili yaliandikwa jina lile lile, kama babu na mjukuu aliyerithi jina, lakini sura zao, mmh! Babu lilikuwa jekundu enzi zake, sasa lina rangi ya tofali. Jepesi kiasi kwamba wanaume wawili walilinyanyua nyuma na kulisogeza pembeni bila kuomba msaada wa tatu. Vioo unazungusha kwa mkono, choki unavuta asubuhi za baridi, usukani mgumu ukiegesha mpaka mabega yanalalamika. Lakini likishika barabara, lo! Injini yake ndogo ilipenda kupandishwa. Ilipanda mizunguko elfu tano, sita, saba kwa dakika, ikiimba na kukuomba uiongezee. Kila jiwe la njiani ulilisikia makalioni. Likikosea ulijua, nawe ukikosea lilikuambia hapo hapo.

Mjukuu lilikuwa na milango minne na rangi ya bluu ya giza iliyong'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Unaliwasha kwa kitufe. Lina kioo cha picha katikati ya dashibodi, gia sita, mifuko ya hewa kila upande, na ukipotoka njia linakukemea kama mama mkwe. Chini ya boneti lilikuwa na turbo, kile kidude kinachoipulizia injini hewa kwa nguvu, kwa hiyo mlimani halikuhitaji kuimba. Lilikuwa likisukuma tu, kuanzia chini, bila jasho. Uzito lilimzidi babu karibu kwa robo tani, na bado lingemwacha mbali. Fundi Sikio alilizunguka mara mbili, akagonga tairi kwa kiatu, akaguna.

"Baba," binti yake akasema, akiwa amemsogelea na kumtazama usoni, "hii mpya niachie mimi niiunganishe na mashine."

Hapo ndipo angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, mambo yangeisha. Lakini Mkunga alikuwa anamtazama, fundi wa kuchomelea alikuwa anamtazama, na hivi karibuni alikuwa amesikia, au labda aliona midomoni mwa watu, kwamba mzee siku hizi ni wa magari ya kizamani tu.

"Mashine ya nini?" akasema. "Mimi nimekufa?"

Akainua kidole. Uwanja ukanyamaza.

Alianza na babu. Likawashwa, akaweka ncha ya bisibisi juu ya injini, mpini mfupani, akafumba macho. Na lilikuja, jamani! Lilikuja zito, kwenye mfupa na kwenye meno, tako-tako-tako, kama zamani. Alisogeza ncha kidogo. "Tapeti ya pili imelegea," akasema. "Dakika kumi tu. Mengine yote mazima." Kwa muda huo mfupi aliamini kwamba hakuna kilichoharibika, kwamba alikuwa amejitisha bure.

Akahamia kwa mjukuu. Binti akabonyeza kitufe. Fundi Sikio akaweka bisibisi, akafumba macho, akasubiri.

Hakuna kitu.

Mtetemo mdogo kwenye kidole, basi. Akasogeza ncha upande wa turbo. Hakuna. Akaisogeza tena, akabana mpini mpaka mfupa ukauma. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo watu wamehama. Alifumbua jicho moja, akaona fundi rangi anajikuna kidevu na fundi wa kuchomelea anatazama juu, mbinguni, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama. Akaona binti yake ameshika spana kwa mikono miwili. Akajiambia wanamstaajabia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mashahidi.

"Safi," akasema kwa sauti kubwa. "Hii ni safi kabisa. Mama, baki na hii. Ya zamani uza, ipumzike na wewe upumzike."

Yeye alikuwa bado ameinama kando ya boneti, uso wake karibu na ule ubavu wa bluu unaong'aa, akitafuta kitambaa cha kufutia mikono. Ndipo alipoona.

Ndani ya rangi ya gari, nyuma ya kichwa chake mwenyewe, alimwona Mkunga amesimama. Mkono wa Mkunga ulikuwa umeinuliwa karibu na sikio lake, na mkononi mlikuwa na funguo za lile gari la zamani, zote, rundo zima pamoja na kengele ndogo aliyoifunga ili zisimpotee. Alikuwa anazitikisa. Akahamia sikio la pili, akazitikisa tena. Ndivyo wakunga wanavyowapima watoto wachanga, kuona kama watageuka.

Fundi Sikio hakugeuka. Alikuwa anaziona zikicheza, na hakusikia lolote.

Alibaki pale ameinama. Alitamani ile boneti imfunike. Alipoinuka hatimaye, Mkunga alikuwa ameshusha mkono, na binti ameshazima gari.

"Inasemaje?" akamuuliza binti yake. "Hii gari. Inasemaje?"

Binti alimsogelea, akamtazama usoni, akasema polepole kwa mdomo mpana. Na hapo hapo mzee akagundua kwamba binti yake amekuwa akizungumza naye namna hiyo siku nyingi sana.

"Inapiga mluzi, baba. Turbo. Beringi zake zimekwisha. Inalia tangu ilipoingia getini, hata hawa wameisikia." Akaonyesha kwa kidevu. "Ingepanda mlima mara moja, mbili, halafu ingevunjika huko huko juu."

"Mbona hamkusema?"

Fundi rangi alitazama viatu vyake. Wangesemaje? Mzee ameinama, kidole kimeinuliwa. Nani amkatize? Heshima nayo ina uonevu wake.

"Lakini hakuna gari lililorudi!" Fundi Sikio akapaza sauti. Aliling'ang'ania hilo, maana hakuwa na kingine. "Mwaka huu, mwaka jana, magari yote niliyopitisha. Nionyeshe moja lililorudi!"

Binti alifuta spana iliyokuwa tayari safi.

"Mchana unapokwenda nyumbani kula," akasema, "huwa nayapitia tena."

"Yote?"

"Yote, baba. Tangu mwaka juzi."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Miaka miwili msichana huyu alikuwa anamwosha baba yake kila mchana, kimya kimya, naye mzee akirudi amevimbiwa, anapokea sifa na kutembea kifua mbele. Fundi Sikio alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya tairi.

Mkunga akaja, akachuchumaa mbele yake kwa shida, magoti yakigoma.

"Mficha uchi hazai, fundi," akasema. "Mimi ndiyo ilikuwa kazi yangu, najua."

"Usinitanie, mama."

"Sikutanii. Unajua kwa nini niliacha kazi kabla ya muda wangu? Wewe una bisibisi, mimi nilikuwa na kile kipembe changu cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Siku moja nikaweka sikio, nikasikiliza, nikasikiliza. Nikamwambia mama wa watu ajikaze, mtoto wake ametangulia. Akalia nusu siku nzima, na mimi nimemshika mkono. Halafu mtoto akatoka analia kuliko mama yake." Akalisugua goti lake. "Moyo ulikuwepo. Sikio langu ndilo halikuwepo. Yule mama alinisamehe. Mimi bado."

"Ukafanyaje?"

"Nikaweka kipembe mezani, nikaenda nyumbani. Wewe utafanyaje?"

Mzee angekwenda nyumbani kufanya nini? Mkunga akainuka, akaingia kwenye gari lake jekundu. Ufunguo wa lile la bluu hakumpa Fundi Sikio, ambaye alikuwa amenyoosha mkono kwa mazoea ya miaka ishirini na sita. Alimpa binti. Hakufanya kwa ubaya. Alimpa mtu atakayelitengeneza, ndivyo ilivyokuwa. Ila mkono wa mzee ulibaki hewani, na alipoushusha hakujua auweke wapi.

Nyumbani, mkewe alimtengea chakula. Akala matonge mawili, akasukuma sahani.

"Mama watoto, mimi sisikii."

Mkewe akamtazama. "Husikii nini?"

"Sisikii. Masikio. Yamekufa."

Yule mama akaweka kijiko chini. Akakaa. Kisha, ajabu ya Mungu, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka hayakuwa tena ya kicheko.

"Miaka mitatu nakuita ukiwa chumbani huitiki," akasema. "Nikasema huyu mwanamume amenichoka. Nikakuombea. Nikakusamehe. Kumbe! Afadhali uwe kiziwi kuliko jeuri." Akamshika mkono, na mkono huo alikuwa hajaushika siku nyingi. Walikaa hivyo.

Kesho yake aliamka na nia. Aliivaa nia hiyo pamoja na ovaroli. Atakayekuja wa kwanza atamwambia ukweli, mbele ya wote, kisha bisibisi ataikabidhi kwa binti yake, na wa kusema aseme.

Wa kwanza alikuja mwalimu mmoja kutoka ng'ambo ya mji, mtu mwenye haraka, watoto wake wameketi kiti cha nyuma. Gari lake lilikuwa limeshapita kwa mafundi wanne. Alishuka huku anaongea, injini ameiacha ikiunguruma.

"Fundi Sikio ni wewe? Nimetoka mbali kwa ajili ya sikio lako!"

"Mimi sisikii," Fundi Sikio akasema. Alisema wazi, kila neno peke yake. "Masikio yangu yamekufa. Binti yangu ndiye anayesikia. Mpe yeye."

Mwalimu alimtazama, akamtazama tena, halafu akaangua kicheko, akampiga begani. "Sikio hasikii! Waliniambia una utani, ila sikujua ni kiasi hiki!" Akageuka kuwatafuta wa kucheka naye. Fundi rangi akacheka, kwa kuwa hakujua afanye nini na uso wake. Fundi wa kuchomelea naye akacheka.

"Sitanii, mwalimu. Huyu hapa..."

"Mzee wangu, nakuomba. Huyu msichana atanichomekea mashine. Mashine nimechomekewa mara nne. Nimekuja kwako wewe." Akaiona bisibisi juu ya meza, akaichukua mwenyewe na kumpa mkononi, kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa.

Mashine ya kuchomelea ilizimwa. Ya rangi ikazimwa. Mtu akanyamazisha redio. Hakuwa ameinua kidole. Walinyamaza wenyewe, wakasubiri.

Fundi Sikio alitazama huku na huku. Angekataa, mwalimu angeondoka na gari bovu na watoto wake ndani. Angekubali, ingekuwa kama jana. Alimtafuta binti yake kwa macho. Binti alikuwa amesimama nyuma ya mgongo wa mwalimu, kichwa amekiinamisha kidogo upande mmoja, anasikiliza. Aliutega uso wake vile vile alivyokuwa akiutega yeye alipokuwa kijana. Kisha, chini, usawa wa paja, mahali ambapo mwalimu asingeona, binti akanyoosha vidole vitatu.

Mzee akainama. Akaweka ncha kwenye injini na mpini mfupani. Macho hakuyafumba.

"Silinda ya tatu," akasema.

Binti akageuza mkono, akabana kidole na kidole, akazungusha kidogo.

"Plagi yake. Imelegea."

Plagi ikafunguliwa, ikakutwa imelegea, ikakazwa. Gari likatulia. Mwalimu alishika kichwa, akasema mafundi wanne, mafundi wanne, Mungu wangu, akamkumbatia Fundi Sikio pamoja na mafuta yake yote. Akasema atamleta shemeji yake, atamleta mkuu wake wa shule, atawaleta wote.

"Si mimi," Fundi Sikio akasema. "Ni huyu binti."

"Na unyenyekevu juu yake!" mwalimu akasema.

Binti alikuwa ameshageuka, anarudisha spana mahali pake. Fundi Sikio alitaka kumwita, lakini aliona midomo yake ikisogea, akisema kitu huku amempa mgongo nusu, na hakupata hata neno moja. Akaona aibu kumwomba arudie. Getini gari jingine lilikuwa linaingia, na mwenye gari alikuwa tayari anapunga mkono na kutamka kwa mdomo mpana jina lake, Sikio, Sikio.